Namna ya Kukipima Kitabu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Same na Milima ya Upare. Maneno haya yalisemwa redioni na afisa wa elimu, na sasa yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome pole pole pamoja na mwalimu wao.

Hamjambo nyote mlioketi darasani huko Mbaga, Suji, Chome na Mamba, na ninyi wa tambarare ya Gonja na Ndungu mliokwisha kuweka majembe chini mkaja kusikiliza. Aliye karibu na redio aongeze sauti kidogo, maana wale wa nyuma ndio wenye masikio mazito.

Leo hatutasoma habari za herufi, wala hatutapiga hesabu za bei ya tangawizi kama juma lililopita. Leo nataka tuzungumze juu ya vitabu vyenyewe, hasa vitabu vya dini, vya falsafa, na vile vinavyoeleza jinsi watu wanavyoishi pamoja. Falsafa ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wayunani. Maana yake ni kupenda hekima. Ukiuliza haki ni nini, au mtu mwema ni yupi, au mtu akifa inakuwaje, umekwisha kuingia katika falsafa, hata kama hujapata kulisikia neno hilo.

Vitabu vya namna hii ni vigumu kuvipima kuliko vingine. Kitabu cha kilimo kikikudanganya, mahindi yako yatakuambia. Ukipanda kama kilivyosema, na shamba likakataa, basi umejua. Lakini kitabu kinachosema Mungu anataka nini, au babu zako walikuwa watu wa namna gani, utakipima kwa shamba gani?

Nitaanza na habari iliyonipata mimi mwenyewe, nayo si ya kujivunia. Miaka kadha iliyopita nilikuwa nikisimamia darasa moja huku tambarare. Mama mmoja, umri wake miaka hamsini na kitu, alikuja hajui A wala B. Baada ya miezi minane alikuwa anasoma. Siku aliposoma jina la mjukuu wake juu ya kadi ya kliniki, alilia, na mimi nusura nilie pamoja naye. Basi siku moja alikuwa stendi ya Same akingoja gari, na mchuuzi mmoja akamwuzia kijitabu chembamba chenye jalada la kung'aa. Kijitabu kile kilijidai kuwa na siri za ndoto, nyota na uponyaji. Kilichanganya maneno ya dini hii na dini ile. Mahali pamoja kilionya kwamba mtoto mwenye homa ya usiku asipewe dawa ya hospitali mpaka zipite siku saba, eti dawa humfungia pepo ndani ya mwili.

Mjukuu akapata homa ya usiku. Mama akasoma, akatii. Siku ya tatu jirani yake alimchukua mtoto karibu kwa ugomvi, akakimbia naye mpaka zahanati. Ilikuwa malaria, na mtoto alikuwa amekwisha kulegea. Alipona, lakini ulipita muda kabla hatujawa na hakika kwamba atapona.

Nilipokwenda kumpa pole nilimwuliza, "Mama, kwa nini uliyaamini maneno yale?" Akanitazama kwa mshangao, kama kwamba ni mimi niliyesahau somo. Akasema, "Mwalimu, si yameandikwa?"

Ndugu wasikilizaji, sikuwa na jibu siku ile. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Miezi minane nilikuwa nikimwambia kwamba kila kilichoandikwa ubaoni ni sahihi na akikariri. Sikumwambia hata mara moja kwamba kuna maandishi ya kweli na maandishi ya uongo, na kwamba wino wa yote mawili ni mmoja.

Fikirini jambo hili. Mtu akikuambia neno sokoni, unamtazama usoni. Unajua ni mwana wa nani, analipa madeni yake au halipi, na maneno yake ya mwaka jana yalikuwaje. Hata yule asiyejua kusoma anayo mizani hiyo, naye huitumia kila siku. Lakini tukipewa kitabu, tunaiweka chini mizani yetu. Kitabu hakina uso, tena kimepigwa chapa na kushonwa vizuri, basi twaona haya kukiuliza swali.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukitafutia kitabu uso wake. Usianze na ukurasa wa kwanza wa habari. Tazama jalada, kisha ukurasa ule mdogo wa mbele ambao watu wengi huuruka. Tafuta jina la aliyeandika, mji kilikopigwa chapa, matbaa iliyokichapa, na mwaka. Nilikigeuza kijitabu cha yule Mama mbele na nyuma. Hakikuwa na jina la mwandishi, wala mji, wala mwaka. Bei tu ndiyo iliyokuwapo. Mtu aliyeandika kwamba mtoto akae siku saba na homa hakutaka ajulikane ni nani, na yeyote anaweza kuona kwa nini.

Sasa tuchukue kitabu ambacho uso wake unajulikana, tena kinatuhusu sisi wa milima hii.

Mwaka 1903 wamisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walifika Upare ya Kusini, wakaanza kazi Mamba, mahali panapoitwa Giti, nao wakapaita kwa Kijerumani Friedenstal, maana yake Bonde la Amani. Miongoni mwa waliokuja kufanya kazi katika misheni hiyo alikuwa Ernst Kotz. Huyu alijifunza Chasu kwa bidii, na mwaka 1909 sarufi yake ya Chasu ilipigwa chapa Berlin. Mwaka 1922 kikatoka kitabu chake juu ya mila na desturi za Wapare. Jina lake kwa Kijerumani ni Im Banne der Furcht. Kwa Kiswahili twaweza kusema Katika Kifungo cha Hofu.

Simameni hapo kwanza. Hatujafungua hata ukurasa mmoja, na hukumu imekwisha kutolewa. Babu na bibi zetu wamewekwa katika kifungo, na mfungwa hana la kusema. Huyu ni kama hakimu anayesoma hukumu mlangoni mwa baraza, kisha ndipo aingie kuwasikiliza mashahidi.

Tuulize maswali yetu. Aliyeandika ni nani? Ni mmisionari, aliyekuja kuwaambia watu kwamba iko njia nyingine bora kuliko ile waliyokuwa wakiifuata. Hiyo haimfanyi kuwa mwongo, lakini yatuambia macho yake yalikuwa yakitafuta nini. Aliyekuja na dawa hutazama sana ugonjwa. Aliandika kwa ajili ya nani? Kitabu ni cha Kijerumani, kilipigwa chapa Hamburg na matbaa ya kanisa lake. Basi hakikuandikwa ili mzee wa Suji akisome na kusema, "Hapa sivyo, Bwana Kotz, umekosea." Kitabu kinachosema habari za watu wasioweza kukisoma hakina mtu wa kukisahihisha. Kiliandikwa lini? Mwaka 1922 vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimekwisha, na Wajerumani hawakuwa tena watawala wa nchi hii.

Najua baadhi yenu mmekwisha kukasirika, mnasema kitabu cha namna hiyo kitupwe. Hapana. Kotz aliishi milimani, alijua lugha, aliandika mambo ambayo wazee walioyajua wamekwisha kufa siku nyingi, na wataalamu waliokuja baadaye walikitumia kitabu chake. Ukikitupa, unatupa na yale aliyoyahifadhi. Kinachotakiwa ni kutenga alichokiona na alichokiamua. Tuseme mwandishi yeyote anaandika, "Wazee walichinja kondoo chini ya mti." Hilo aliliona. Kisha anaongeza, "Walifanya hivyo kwa sababu ya woga." Hilo hakuliona. Woga hauonekani kama kondoo. Huenda ulikuwa woga, huenda ilikuwa shukrani au heshima, na huenda yote matatu yalikuwamo ndani ya mtu mmoja, kama yalivyo kwako wewe ukiingia msikitini au kanisani.

Hapa sina budi kusema jambo gumu, na nawaomba mnivumilie. Ukienda Mbaga, wenyeji watakuonyesha mwamba uitwao Malameni. Husimuliwa kwamba zamani watoto waliohesabiwa kuwa na mkosi, kama wale waliotangulia kuota meno ya juu, waliachwa pale wafe. Hadithi hiyo haikuletwa na mgeni, ni wenyeji wanaoisimulia. Na jina la watoto kama hao limo ndani ya Kiswahili chenyewe, yaani kigego. Kwa hiyo hofu hiyo haikuwa ya Wapare peke yao. Pwani nako waliijua, mpaka wakaipa jina likaingia katika kamusi.

Basi mtu akiandika kwamba kulikuwa na hofu Upare, tusiruke kumwita mwongo kwa sababu tu twaona haya. Kitabu kinachotuudhi huweza kuwa cha kweli. Swali langu ni jingine: je, hayo ndiyo yote? Watu wale wale walichimba ndiva za kuhifadhi maji ya milimani, wakachimba mifereji, wakagawana maji kwa zamu, huyu leo na yule kesho, bila karatasi wala polisi. Washana wa Ugweno waliyeyusha chuma, na chuma cha Upare kiliuzwa mpaka kwa Wachaga. Watu walio katika kifungo cha hofu tu hawawezi kupatana hivyo juu ya maji. Mwandishi anaweza kusema kweli katika kila ukurasa, na bado akakupotosha kwa yale aliyoyaacha. Kosa la namna hii ndilo gumu kuliko yote kuligundua, maana hulioni katika ukurasa wowote. Huonekana kwa mtu anayejua habari kutoka mahali pengine, na kwa habari za Upare mahali pengine hapo ni ninyi wenyewe.

Mwalimu asimamishe hapa kwa dakika chache. Wanafunzi waulizane: ni jambo gani jema la wazee wetu ambalo mgeni aliyekaa mwaka mmoja asingeliona?

Tuendelee. Isaria Kimambo alikuwa mzaliwa wa milima hii, naye akawa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1969 kilitoka Nairobi kitabu chake juu ya historia ya siasa ya Wapare, tangu kama mwaka 1500 mpaka 1900. Nacho ni cha Kiingereza, jambo ambalo mimi binafsi lanisikitisha. Alifanyaje kazi? Alizunguka akiwauliza wazee, ukoo kwa ukoo, kisha akayalinganisha masimulizi yao. Chukueni habari ya Ugweno, jinsi Wasuya walivyowaondoa Washana katika utawala. Mnadhani Mshana na Msuya watalisimulia jambo hilo kwa namna moja? Aliyeshinda husema alialikwa, na aliyeshindwa husema aliibiwa. Mwandishi mwema huwasikiliza wote wawili, tena hukuonyesha habari aliitoa kwa nani, ili ukitaka uifuate mwenyewe.

Lakini msidhani kwamba mwenzetu akiandika basi maneno yake hayapimwi. Mwenyeji naye ana ukoo wake na mambo asiyopenda yasemwe. Na kitabu kile cha 1969, kwa sababu ni cha habari za utawala, kinasema sana juu ya watawala na koo zao. Wanawake waliokuwa wakilisha koo hizo huwaoni sana. Mimi nakihesabu kuwa kitabu kikubwa, nacho kina upungufu huo.

Mwaka 1971 Kimambo alitoa kijitabu kingine juu ya Mbiru, na hapa ndipo wengi wenu mna haki ya kunisahihisha, maana habari hizi mlizisikia kwa baba na mama zenu. Wakati wa vita vikuu vya pili, serikali ya kikoloni pamoja na wafumwa walianzisha kodi ya kukadiriwa, kila mtu kwa kadiri ya mali yake, ikaitwa mbiru. Wakuu waliiona kuwa ni kodi ya haki zaidi, kwa kuwa mwenye nacho angetoa zaidi. Ukisoma katika karatasi, ni vigumu kuikataa. Lakini watu walikataa kukadiriwa. Nani atakayeingia kwangu kuhesabu mbuzi wangu na migomba yangu, na kwa kipimo gani? Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka pande zote za milima, wakaja hapa Same kwenye ofisi ya wilaya. Walikuja kusema hapana. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Viongozi wengine walihamishwa kwa nguvu, na mambo hayakutulia. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walitoka. Walimtaka mkuu wa serikali alimalize shauri hilo ili waume zao warudi nyumbani, la sivyo yeye mwenyewe awape watoto. Mwaka 1947 kodi ya namna ile iliachwa.

Sasa angalieni. Ukisoma karatasi za watawala wa wakati ule, utaona mambo haya ni fitina ya watu wachache waliowachochea wengi. Ukisoma Kimambo, utaona ni wakulima waliokuwa na hoja yao. Neno haki lilikuwako pande zote mbili. Utajuaje ni yupi mwenye neno? Uliza ni vinywa vya nani vinavyosikika ndani ya maandishi. Karatasi ya ofisi huandikwa na anayetoza. Na kuna jambo dogo linalonisaidia mimi kila mara: mtu mmoja au wawili huweza kuchochewa, lakini mtu hachochewi kirahisi kuacha shamba lake na kushuka mlima mzima kwa miguu. Kitabu kisichoweza kueleza kwa nini wengi hivyo waliacha mashamba yao hakijaeleza Mbiru, hata kikiwa na mihuri kumi.

Sasa dini. Nitatembea pole pole hapa. Katika milima yetu mna Waislamu, Waadventista, Walutheri, Wakatoliki na wengine, na mara nyingi wamo ndani ya nyumba moja. Afisa wa elimu hana kazi ya kukuambia uamini nini. Namna ya kusoma tu ndiyo ninayoweza kukueleza.

Kwanza, Msahafu au Biblia ni kitu kimoja, na kijitabu kinachosema "Msahafu unasema hivi" au "Biblia inasema hivi" ni kitu kingine kabisa. Cha pili ni maneno ya mtu. Akikutajia aya, usimwamini kwa kuwa ametaja namba. Fungua mwenyewe aya ile, isome, kisha soma iliyo juu yake na iliyo chini yake. Wengi hukata maneno kama mtu anavyokata ndizi, anachukua aipendayo na kuliacha chane. Yule wa stendi alifanya hivyo mara nyingi. Tulikaa na Mama yule jioni moja tukazitafuta aya zake, na mbili hazikuwapo popote.

Pili, hata kitabu kitakatifu kikija kwa Kiswahili, kimepita mikononi mwa mfasiri. Qurani ya Kiswahili ya kwanza kupigwa chapa nzima, mwaka 1923, ilifasiriwa na Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kiingereza Unguja. Mwaka 1953 Waahmadiyya walitoa tafsiri yao. Mwaka 1969 ikatoka ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanachuoni wa Unguja, nayo ikaenea sana. Kasisi, Waahmadiyya, na sheikh wa Kisunni: mnaweza kuona wenyewe kwa nini watu waliona haja ya tafsiri nyingine, na kwa nini maelezo yaliyotiwa kando ya aya yalibishaniwa kuliko aya zenyewe. Biblia nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 1937 ilitoka ile ya Karl Roehl, aliyejitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu na kutafuta ya Kibantu. Mwaka 1952 ikatoka ile ya Muungano, ambayo wengi wenu mmeizoea. Mtu akikushika shati akabishana nawe juu ya neno moja tu la Kiswahili ndani ya aya, mwulize kwanza, "Bwana, ni katika tafsiri ya nani?" Mara nyingi ugomvi hupungua nusu.

Niseme na falsafa, ingawa saa inakwenda. Mwaka 1969, mwaka ule ule wa kitabu cha Kimambo, kasisi mmoja Mkamba wa Kenya, John Mbiti, alitoa kitabu juu ya dini na falsafa za Waafrika. Kimesomwa dunia nzima. Ndani yake alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akasema kwamba katika fikira za asili za Kiafrika wakati una mambo mengi yaliyopita na yaliyopo, lakini wakati ujao wa mbali karibu haupo kabisa. Ushahidi wake mkubwa aliutoa katika lugha za Kikamba na Kikikuyu, jinsi zinavyosema habari za jambo litakalokuja.

Mtu mwenye shahada nyingi amesema. Je, mkulima wa Chome anayo haki ya kumjibu? Anayo. Mwulize: Bwana, lugha mbili zinatosha kusema habari za Afrika nzima? Umewauliza Wapare? Aliyechimba ndiva ambayo wajukuu wa wajukuu wanaitumia, alikuwa akifikiri juu ya wakati gani? Huenda Mbiti angekuwa na jibu zuri, kwa maana alikuwa mtu mwenye akili sana. Lakini swali ni halali, na wasomi wenzake walimwuliza maswali makali kama hayo. Okot p'Bitek wa Uganda aliwalaumu yeye na wengine kwa kuwavika miungu wa Kiafrika mavazi ya Kiyunani ili wawapendeze wageni. Kwa ladha yangu Okot alizidisha ukali, lakini nilipomsoma nilirudi kumsoma Mbiti kwa macho mengine. Kwa hiyo, ukiweza, usisome kitabu kimoja peke yake. Kitafutie mpinzani wake, uwaketishe wote wawili mezani.

Na mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Odera Oruka, alikwenda vijijini kuwatafuta wazee wenye hekima, akawagawa mafungu mawili. Wako wanaojua sana yale waliyopokea, na wako wanaojua kisha wakayapima, wakasema hili la wazee ni jema na hili nalikataa, kwa sababu hii na hii. Kitabu chake cha 1990 kina mazungumzo na wazee wa namna hiyo, na wako miongoni mwao ambao hawakupata kwenda shule. Nawatajia kwa sababu wanafunzi wa madarasa yetu hudhani kwamba kufikiri kunaanza na kusoma.

Kuna namna moja ya kitabu ambayo hupimwa tofauti, nitaipitia upesi. Mwaka 1951 kilitoka Kusadikika cha Shaaban Robert, habari za nchi inayoelea angani. Msiitafute nchi hiyo katika ramani. Mwandishi wa hadithi hakuambii jambo limetokea. Anakuuliza kama walijua. Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe uanasheria, na msomaji wa mwaka 1951, chini ya utawala wa kigeni, alijua mwenyewe nchi hiyo iko wapi.

Yule Mama bado yumo darasani. Kijitabu amekiweka, hakukichoma kama nilivyodhani, asema ni risiti yake. Sasa akipita stendi, wachuuzi wa vitabu humwona kwa mbali na kucheka, maana hawezi kununua hata kalenda bila kuuliza kwanza nani kaiandika na imetoka wapi. Mmoja alimjibu kwa hasira kwamba kitabu ni kitabu. Akamrudishia.

Kwa juma lijalo kila mwanafunzi aje na kitabu au kijitabu kimoja kutoka nyumbani, cha dini au cha habari za watu. Asiye na kitabu aazime kwa jirani, na mwenye kusoma katika simu aje na simu. Andikeni katika daftari jina la mwandishi, mji na mwaka, na kama havimo andikeni "havimo". Kisha chagueni ukurasa mmoja, mwandike jambo moja ambalo mwandishi aliliona na jambo moja ambalo aliliamua. Walimu wa Mbaga na Suji waliomba daftari za ziada, zitaletwa kwa gari la siku ya Jumanne. Kwaherini.